Namna ya Kusaka Kazi Bila Kupoteza Nauli, Jina na Heshima

Joho umesharudisha chuoni, picha za mahafali zimezunguka magrupu yote ya ukoo, na mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yako hakumbukwi tena na mtu isipokuwa aliyemlipia. Uko mtaani sasa. Usikimbilie kuandika barua ya maombi. Chukua kalamu kwanza, ufanye hesabu.

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi 1,596. Maombi yaliyoingia yalizidi 135,000. Ukigawanya, kila kiti kiligombewa na watu 84 na ushee: jaza Coaster tatu, kisha mwambie konda ashushe abiria mmoja tu kituo cha kazini. Wala mambo haya hayakuanza jana. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, wakajitokeza vijana zaidi ya 10,000, na usaili ukafanyikia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Wenye shahada zao wakapanda majukwaani, pale wanapokaa mashabiki wa Simba na Yanga, kusubiri karatasi ya maswali.

Hesabu hiyo ibandike ukutani karibu na kitanda. Kusaka kazi humla mtu kichwani kabla ya kumla mfukoni. Barua ya kumi isipojibiwa, mtu anaanza kujiona mjinga, anaanza kukwepa wenzake waliosoma naye, anaacha hata kupokea simu za nyumbani. Waliokosa kile kiti cha TRA hawakuwa wajinga. Viti ndivyo vilivyokuwa vichache, na uchache wa viti hakuusababisha mhitimu yeyote.

Hesabu ya pili mfanyie mjomba. Mjomba atakwambia kwamba enzi zao mtu alimaliza chuo, na mwezi uliofuata yuko ofisini, ana meza na ana nyumba ya serikali. Usibishane naye, anasema kweli. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Kwa miaka mingi baada ya hapo mhitimu hakuhitaji kuzunguka na bahasha, maana serikali ndiyo iliyompangia kituo. Yakaja marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, ajira serikalini zikabanwa, maelfu wakapunguzwa kazini, na neno redandansi likaingia mpaka jikoni kwa watu. Vyuo navyo vikaendelea kuongezeka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa 2007, na chenyewe peke yake kina wanafunzi wengi kuliko wote waliokuwa vyuo vikuu vya nchi nzima mjomba alipokuwa kijana. Mjomba hakukuzidi bidii. Alikuta mlango uko wazi na mwenyeji anamsubiri kizingitini. Mweleze hivyo kwa adabu, akishamaliza kula.

Baada ya hapo, nenda kwenye makaratasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nafasi nyingi hupotea hapa kabla mwajiri hajasoma hata herufi moja.

Safari ya ajira Tanzania huanzia steshenari. Unaijua: fremu ndogo jirani na stendi, mashine ya kopi inanguruma mlangoni, bango limeandikwa kwa mkono kwamba hapa tunajaza maombi ya ajira, mkopo, NIDA na TIN, na ndani yupo kijana anayechapa kwa vidole viwili kwa kasi ya cherehani. Foleni yote ina bahasha za kaki. Kijana huyu amewasaidia wengi na anastahili shukrani. Lakini mtazame kwa makini anapomfungulia mtu akaunti ya Ajira Portal. Mteja hana barua pepe, au anayo ila nywila ameisahau. Kijana anamtengenezea nyingine papo hapo, nywila anaichagua mwenyewe, anaiandika kwenye daftari lake lililochanika jalada, chini ya majina ya wateja wengine wa wiki ile, na ukichungulia utaona nywila ni ileile moja ya mtaa mzima. Miezi mitatu baadaye mteja anaitwa kwenye usaili. Ujumbe umeingia kwenye barua pepe ambayo hawezi kuifungua. Daftari limeshaloa mvua, na kijana amehamia Tunduma.

Akaunti ifungue mwenyewe, kwa simu yako, kwa namba ambayo laini yake imesajiliwa kwa jina lako. Steshenari lipia kopi na kuskani tu. Vyeti viskani vizuri, kimoja kimoja, viwe vinasomeka; kisha vihifadhi sehemu mbili, na mojawapo isiwe simu hiyohiyo unayopanda nayo daladala.

Kagua jina lako herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Mohamed, cha kidato cha nne kinasema Mohammed, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu, na cha chuo kimelifanya la babu kuwa la kwanza. Wewe unajua wote hao ni mtu mmoja. Mfumo haujui, na afisa anayekagua vyeti mlangoni siku ya usaili hana ruhusa ya kukuonea huruma. Marekebisho yanachukua muda, yanahitaji wakili na ada, kwa hiyo yaanze leo, wakati hakuna tangazo linalokukimbiza.

Soma pia masharti yaliyo chini ya tangazo, yale ambayo watu huyaruka. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema waziwazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe, na nakala zilizothibitishwa na mwanasheria. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa awe ameshahakikiwa vyeti vyake na mamlaka husika. Barua iwe na saini yako na ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti. Hakuna jambo gumu katika hayo, ila ukikosea moja umejitoa mwenyewe kwenye Coaster kabla haijaondoka.

Sasa tangazo lenyewe. Kampuni inatafuta afisa masoko kijana, asizidi miaka 25, mwenye shahada na uzoefu wa miaka mitano. Mtu huyo angepaswa kuanza kazi akiwa anafanya mtihani wa kidato cha sita. Aliyeandika tangazo hakukaa chini kuhesabu, na upuuzi huo usikufanye wewe uone haya. Kwa serikali, kigezo cha uzoefu kikiwekwa kinahesabiwa, basi usimalize bando kwa nafasi ya daraja la juu wakati zipo za kuanzia. Kwa mwajiri binafsi, omba. Miezi ya fildi ni uzoefu. Miaka mitatu ya kusimamia duka la mama kila likizo, ukajua mteja gani hulipa na nani hukimbia deni, nayo ni uzoefu kwa yeyote anayetaka mtu wa masoko.

Ila uandike kwa namna itakayoonekana. Barua nyingi zinazotumwa nchini zimetoka kwenye faili moja: husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana wa Kitanzania, ni mchapakazi, mwaminifu, ninaweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Kwenye meza ya afisa utumishi mwenye barua 600, hiyo haimwambii kitu. Mwambie ulichokifanya: nikiwa fildi kwenye idara ya ardhi nilipanga upya majalada ya kata mbili, na mwananchi aliyekuwa akizungushwa siku tatu akawa anapata jalada lake asubuhi hiyohiyo. Sentensi moja ya namna hiyo inatosha kumfanya anyanyue macho. Kama hukufanya lolote fildi zaidi ya kununua vitumbua vya ofisi, basi tafuta la kanisani, la msikitini, la timu ya mtaa au la serikali ya wanafunzi. Kila mtu amewahi kushika hesabu ya kitu fulani.

Ukiitwa, utaona jina lako kwenye orodha ndefu ya PDF, na tangazo litakukumbusha kwamba chakula, usafiri na malazi ni juu yako. Sentensi hii fupi inakula mbuzi wa familia. Mtoto wa Kigoma anayeitwa Dodoma analipia basi kwenda na kurudi, anatafuta pa kulala, anakula siku mbili au tatu, na yote hayo kwa mchujo wa kuandika utakaochukua muda mfupi kuliko foleni ya kuingilia. Kwa kada kama ualimu usaili umepelekwa mikoani, na huo ni uamuzi wa kupongezwa. Ungefaa kada zote. Mpaka siku hiyo, tengeni fungu la nauli mapema, wewe na wenzako wa darasa: changeni kidogo kila mwezi, anayeitwa achukue, akipata kazi arudishe. Vikundi vya aina hii vipo, na vimemfikisha usaili mtu ambaye angebaki nyumbani akilia.

Mlangoni beba vyeti halisi na kitambulisho. Ndani, usikariri majibu ya mtandaoni kuhusu udhaifu wako mkubwa kuwa ni kupenda kazi kupita kiasi. Jopo limeshausikia udhaifu huo tangu asubuhi, limechoka nao. Soma sheria iliyoanzisha taasisi hiyo, majukumu yake, na mpango mkakati wake, ambao mara nyingi upo kwenye tovuti yao. Anayejua kwamba taasisi ina kanda ngapi na inahangaika na nini mwaka huu, hujibu akiwa ametulia. Na ukipewa nafasi ya kuchagua lugha, chagua ile unayofikiria nayo. Wananchi utakaowahudumia Nachingwea na Kibondo watakuuliza maswali kwa Kiswahili.

Usipoona jina lako, tangazo hilohilo litakueleza kuwa hukukidhi vigezo na usisite kuomba tena. Lia kama unataka kulia, siku moja inatosha. Kesho yake pitia ulichotuma, tafuta kilichokukata, uombe tena.

Huku ukisubiri utapigiwa simu na watu wa ajabu. Wa kwanza ni yule mwenye nafasi 200 za kazi bandarini, mshahara mnono, kinachohitajika ni elfu thelathini tu ya fomu, halafu elfu hamsini ya vipimo vya afya, halafu ya sare. Ajira Portal haitozi ada ya kuomba kazi. Mwajiri wa kweli analipa mtu, hamlipishi. Wa pili ni yule anayekuita kwenye usaili hotelini, uvae suti, ufike saa mbili kamili. Ukifika unakuta ukumbi una vijana 100 na mtu aliyeshika maikrofoni anauliza nani anataka gari. Hapo hakuna kazi. Kuna sabuni na vidonge vya kununua kwa hela yako, na ndugu zako ndio wateja wanaokusudiwa. Nyanyuka utoke hata kama umekaa mstari wa mbele. Suti haitakuwa imepotea, utaivaa kwingine.

Wa tatu simtanii hata kidogo. Ni yule mwenye cheo anayesema nafasi ipo, ila njoo tuonane jioni, njoo peke yako. Mabinti wanamjua. Jambo hilo lina jina kisheria: ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wake, usifute hata mmoja. Mwambie mtu unayemwamini kabla ya kitu kingine. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Na wazazi wanaomsukuma binti akamshukuru mheshimiwa kwa kutusaidia, waulize kwanza msaada huo unafanyika wapi na saa ngapi.

Kimemo je? Kila mtu atakwambia bila koneksheni hupati kitu. Katika maneno hayo yamechanganyika mambo mawili, nayo ni ya kutenganisha. Taarifa ni haki yako kuitafuta: waambie waliokutangulia chuo, mwalimu wako, msimamizi wako wa fildi, jirani anayefanya kazi halmashauri, kwamba unatafuta kazi na unaweza kufanya nini. Watu hawawezi kukumbuka jina la mtu aliyejificha chumbani. Kununua nafasi ni jambo jingine. Aliyeuza nafasi moja kwa milioni mbili ameiuza hiyohiyo kwa wengine wanne, na hakuna kati yenu anayeweza kwenda polisi kudai chenji.

Ipo pia kazi inayoitwa kujitolea. Unaingia saa moja na nusu, unatoka saa kumi na moja, unafanya kazi ya mtu aliye likizo, na mwisho wa mwezi unapewa nauli au pole. Kujitolea kuna maana kukiwa na muda unaojulikana, msimamizi anayekufundisha na barua mwishoni. Kabla ya siku ya kwanza uliza mambo hayo matatu. Zipo programu rasmi za utarajali, zikiwemo zinazosimamiwa na huduma za ajira za serikali, TaESA, zenye mkataba na posho. Hizo zifuatilie kwanza. Ofisi inayokuzungusha mwaka wa pili kwa ahadi ya bajeti ijayo imeshapata ilichotaka kwa bei iliyoitaka. Aga vizuri, chukua barua yako, ondoka.

Na watakwambia mjiajiri. Utayasikia hayo kila mahafali, na msemaji karibu siku zote ni mtu mwenye mshahara, dereva na bima. Kujiajiri ni jambo zuri, na wapo waliofika mbali kwa kuku, kwa uwakala wa pesa, kwa kufundisha jioni. Lakini kuku wa kwanza ananunuliwa na mtaji. Kwa hiyo yeyote anayekwambia ujiajiri, muulize mtaji upo wapi, kwa heshima kabisa, na usimame hapo usubiri jibu. Sehemu mojawapo unayojua tayari ni halmashauri yako: asilimia 4 ya mapato yake ya ndani imetengwa kwa mikopo ya vikundi vya vijana, isiyo na riba. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii, uliza masharti ya kikundi, nenda na wenzako. TIN hutolewa bure. Na ukiuza mihogo na shahada yako ya uhasibu, weka daftari la mauzo kama mhasibu. Usiisimamie biashara kana kwamba unajificha ndani yake mpaka kazi ya kweli ifike.

Aya inayofuata mpe shangazi asome.

Shangazi, shikamoo. Tunajua unampenda. Lakini kila Jumapili ukifika tu, kabla hujavua viatu, unauliza: "Mwanangu, bado tu?" Naye anatoa shikamoo ya mdomoni, anaingia ndani, na hatoki mpaka uondoke. Mwenye kazi huulizwa habari za kazi mara moja moja. Asiye nayo huulizwa kila siku na watu watano. Badala yake muulize wiki hii anahitaji nini: bando, nauli, shati la kuazima, mtu wa kumsikiliza akijibu maswali ya usaili. Usimtume sokoni, posta na shuleni kwa watoto kwa vile hana kazi, maana asubuhi yake yote imeishia kwenye maombi, na hiyo ni kazi isiyo na mshahara. Na usimlinganishe na mtoto wa mama Neema aliyeko benki. Mtoto wa mama Neema naye alikaa benchi mwaka mzima. Mama yake tu hakuwaambia.

Siku kazi ikija, usisaini ukiwa umesimama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako. Angalia aina ya mkataba, kipindi cha majaribio, saa za kazi, ambazo za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28. Chukua nakala yako, uende nayo nyumbani.

Halafu kaa na familia mezani kabla ya mshahara wa kwanza, uwafanyie hesabu ya tatu. Tuseme mshahara ni 700,000. NSSF inachukua 70,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vinavyotumika tangu 2021, ni 42,000. Bodi ya Mikopo, kama ulisoma kwa bumu, inakata asilimia 15, yaani 105,000. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka huohuo wa 2021, la sivyo deni lenyewe lingezidi kuvimba. Kinachobaki ni 483,000. Toa kodi ya chumba, toa nauli ya mwezi, toa chakula cha mchana, na kinachosalia ndicho cha kuzungumza: nani anasomeshwa, nani anasubiri, na lini. Waonyeshe karatasi ya mshahara wenyewe, waisome mstari kwa mstari, mjomba aivalie miwani.